UZI: Bob Daisley, mcharaza besi aliyeandika maneno ya Ozzy, kisha akafutwa kwenye kava

Nyuzi Nne (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila uzi wa hevi metali ukifunguliwa humu ni Ozzy Osbourne mwimbaji na Randy Rhoads mpiga gitaa wake, Randy Rhoads na Ozzy. Sawa, wanastahili. Lakini maneno anayoimba Ozzy kwenye "Crazy Train" aliyaandika nani? Si Ozzy, na Randy naye siye. Aliyaandika mpiga besi, Mwaustralia anaitwa Bob Daisley, na leo nataka tumjadili yeye.

Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa Ozzy. Nitashusha kwa awamu, umeme wa huku mnaujua wenyewe.

Daisley kazaliwa Sydney, Februari 1950. Bendi yake ya kwanza yenye maana kule kwao iliitwa Kahvas Jute, wakatoa albamu moja, na 1971 jamaa akafunga safari kwenda Uingereza. Enzi hizo mwanamuziki wa Australia akitaka kujulikana duniani ilikuwa lazima afike London.

Alipofika hakuanza na metali. Alianza na bluzi, kwenye bendi ya Chicken Shack ya Stan Webb. Kisha akaingia Mungo Jerry, wale wa "In the Summertime", ingawa wimbo wenyewe ulishatoka 1970 kabla yake. Yaani leo unapiga bluzi za kulia, kesho unapiga nyimbo za kuchezesha watu pikiniki. Baada ya hapo akapiga roki ngumu na Widowmaker, albamu mbili, 1976 na 1977, bendi ikafa.

Watu wengi hupita juu ya miaka hii kwa sababu hakuna jina kubwa. Mimi naona ndiyo iliyomtengeneza. Mpiga besi aliyepita kwenye bluzi anajua kunyamaza. Ukisikiliza kazi zake za baadaye, zile za metali kabisa, utamkuta anaacha nafasi, halafu anaingia na kijistari kidogo mwishoni mwa ubeti na wimbo mzima unageuka.

1977 akaitwa Rainbow, bendi ya Ritchie Blackmore. Humo ndani kuna Ronnie James Dio kwenye sauti na Cozy Powell kwenye dramu. Blackmore alikuwa ameshaanza kurekodi sehemu kubwa ya besi mwenyewe, kwa hiyo kwenye *Long Live Rock 'n' Roll* (1978) Daisley yumo kwenye nyimbo chache tu. Akazunguka nao kwenye maonyesho, bendi ikapanguliwa, akabaki hana kazi. Hapo ana miaka 28, bendi tano, nyumba nyingi za kupanga.

Nakuja.

Kipaza Kibovu

Naweka kambi. Leta vitu mkuu.

mama_wa_vinanda

Mwanzisha uzi, mimi si mtu wa metali, hayo makelele yananitoa jasho. Ila hiki kisa nakielewa. Nimekulia kwenye nyumba ya mwanamuziki wa dansi. Baba akihama bendi watu mtaani wanasema "kanunuliwa", wakati nyumbani tunajua kahama kwa sababu kodi imefika. Endelea, ninasoma.

Nyuzi Nne

Shikamoo mama. Umegusa penyewe.

Tuendelee. 1979, London, kwenye ukumbi mmoja wa Camden unaitwa Music Machine, Daisley anakutana na Ozzy Osbourne. Ozzy ametoka kufukuzwa kwenye bendi ya Black Sabbath, kanenepa, kalewa, hana bendi. Wanazungumza kuanzisha kitu kipya. Ozzy ana kijana wa Kimarekani mpiga gitaa anayemsifia, ndiye Randy Rhoads. Baadaye anaongezeka Lee Kerslake kwenye dramu, aliyekuwa kwenye bendi ya Uriah Heep kwa miaka mingi.

1980 wanaingia studio ya Ridge Farm, huko Surrey mashambani, na kurekodi *Blizzard of Ozz*. Sasa tuelewane jinsi kazi ilivyokuwa inafanyika, maana hapa ndipo uzi mzima ulipo. Randy analeta rifu, kile kipande cha gitaa kinachojirudia. Daisley anakaa naye, wanapanga wimbo unakwenda wapi, ubeti uishie wapi, kibwagizo kiingie vipi. Ozzy anaimba melodi juu yake bila maneno ya maana, anatoa sauti tu, la la la na vineno vinavyomjia. Daisley anachukua ile kaseti, anakwenda kukaa peke yake, anarudi na mashairi kamili yanayoingia kwenye melodi ile.

"Crazy Train" yenyewe, kwa maelezo ya Daisley, jina lilitokana na mlio wa ajabu uliokuwa unatoka kwenye ampli ya Randy. Ukasikika kama treni iliyorukwa na akili. Wote wawili walikuwa wapenzi wa treni za kuchezea, zile ndogo za reli za mezani. Kutoka hapo akaandika maneno kuhusu Vita Baridi na hofu ya mabomu ya nyuklia. Mnaotikisa vichwa na ule wimbo mkidhani ni wimbo wa mwehu, someni maneno yake tena.

Na "Suicide Solution", ule wimbo uliompeleka Ozzy mahakamani California, wazazi wa kijana wa miaka 19 aliyejiua wakidai nyimbo ndizo zilizomshawishi? Maneno ni ya Daisley. Aliyaandika kuhusu pombe, na amesema mara nyingi alikuwa anamtazama Ozzy mwenyewe anavyojiangamiza kwa chupa. Kesi ikatupwa. Lakini fikirini: dunia nzima inamjadili Ozzy na maneno yake, mwenye kalamu yuko kwingine anapiga besi za watu.

Treble Juu

Mkuu hapo kwenye maneno naomba nikupinge kidogo. Wimbo si karatasi. Daisley huyo huyo angeyaimba yeye, nani angenunua? Ozzy ndiye aliyeuza. Hiyo albamu imepita nakala milioni 4 Marekani peke yake kwa sababu ya ile sauti na lile jina.

Nyuzi Nne

Treble, sikatai hata nukta moja. Lakini kuuza ni kitu kimoja na kutunga ni kitu kingine, na sheria yenyewe inavitenganisha. Subiri nifike kwenye pesa.

Albamu ya pili, *Diary of a Madman*, wanarekodi mwanzoni mwa 1981, Ridge Farm palepale, watu walewale wanne. Albamu bado haijaingia sokoni, Daisley na Kerslake wanaondolewa kwenye bendi. Nafasi zao wanaingia Rudy Sarzo na Tommy Aldridge kwa ajili ya ziara ya Marekani. Novemba 1981 albamu inatoka. Ukifungua kava, unaona picha na majina ya Sarzo na Aldridge. Hawajapiga noti hata moja mle ndani! Sarzo mwenyewe, kwa heshima yake, amekuwa akilisema hili wazi miaka yote, kwamba ile besi ni ya Bob.

Weka wimbo unaitwa "Believer" uuone uhuni wenyewe. Unaanza na besi peke yake, nzito, inatambaa taratibu, gitaa linaingia juu yake baadaye. Miaka mingi vijana walikuwa wanajifunza ile besi huku wanasoma jina la Sarzo kwenye kava.

Kipaza Kibovu

Duh. Hiyo ya kuweka picha ya mtu mwingine imezidi.

Mshenga wa Rongai

Nimefika kutoka Nairobi, habari zenu. Hii story naijua nusu. Si walienda kotini wakashinda?

Nyuzi Nne

Karibu sana. Walishinda, halafu wakashindwa. Nitafika.

Kwanza alikwenda wapi baada ya kufukuzwa? Kerslake alirudi Uriah Heep wakaijenga upya na Mick Box, mpiga gitaa wa bendi hiyo, akamvuta Daisley. Wakatoa *Abominog* 1982 na *Head First* 1983. *Abominog* ni albamu nzuri kuliko watu wanavyoipa, kava lake tu ndilo linatisha watoto. Machi 1982, wakati hao wako Heep, Randy Rhoads akafa kwenye ajali ya kindege huko Leesburg, Florida. Daisley amepoteza mtu aliyekuwa anakaa naye chumba kimoja wakitunga.

Sasa hapa watu hushangaa: 1983 Ozzy akamrudia Daisley, na Daisley akakubali. Mtu aliyefutwa kwenye kava anarudi kwa waliomfuta! Akapiga besi yote ya *Bark at the Moon* na kuandika maneno. Safari hii nyimbo zote zikaandikwa jina la Ozzy pekee. Daisley amesema alilipwa fedha taslimu akauza haki yake. Jake E. Lee, mpiga gitaa mpya, naye jina lake halikuwekwa kwenye utunzi.

Treble Juu

Sasa huyo analalamika nini? Kapokea hela kasaini. Biashara imekwisha.

mama_wa_vinanda

Mwanangu Treble, wewe inaonekana hujawahi kudaiwa kodi ya miezi mitatu huku unaletewa bahasha. Unasaini na asante unasema.

Nyuzi Nne

Wote mna hoja, na ndiyo maana naona kisa cha Daisley ni somo zuri kwa wanamuziki wetu kuliko visa vya mastaa. Tuzitenganishe hizi hela, maana tukizichanganya hatutaelewana.

Kuna pesa ya utunzi: nani kaandika melodi na maneno. Wimbo ukipigwa redioni, ukiimbwa na bendi nyingine, ukiwekwa kwenye tangazo au sinema, mtunzi analipwa, hata kama hajapiga ala yoyote. Kwenye *Blizzard* na *Diary* jina la Daisley lilikaa kwenye utunzi tangu mwanzo, pamoja na Ozzy na Randy. Hilo hawakuligusa.

Halafu kuna pesa ya kupiga kwenye rekodi, inayotegemea mkataba na lebo, yaani kampuni ya rekodi. Hapa ndipo kwenye tatizo. Na kuna jina la bendi. Daisley anashikilia mpaka leo kwamba makubaliano yalikuwa bendi iitwe The Blizzard of Ozz, watu wanne sawa, si albamu ya Ozzy na waajiriwa wake. Albamu ilipotoka, jina la Ozzy likawa kubwa juu, mengine yakafuata.

Kwa hiyo yeye na Kerslake wakaishtaki lebo, Jet Records, iliyokuwa ya Don Arden, baba yake Sharon Osbourne, mke wa Ozzy. 1986 wakapata mrabaha na kutambuliwa kwa kazi yao kwenye *Diary*. Hiyo ndiyo kesi anayoikumbuka ndugu yetu wa Rongai.

Miaka ya mwisho ya 90 wakafungua nyingine Los Angeles, dhidi ya akina Osbourne. Jibu likaja kwa namna ambayo sijawahi kuona kwenye muziki wowote. 2002 albamu zote mbili zikatolewa upya, na besi ya Daisley na dramu za Kerslake zimefutwa! Wamechukua kanda za asili, wakaacha sauti ya Ozzy na gitaa la Randy aliyekwisha kufa miaka 20, wakampigisha besi Robert Trujillo na dramu Mike Bordin juu yake. Mwaka uliofuata mahakama ikaitupa kesi, na ya rufaa ikakubaliana nayo.

Trujillo simlaumu, alikuwa kazini, na mwaka huohuo 2003 akachukuliwa na Metallica. Ni mpiga besi hatari. Lakini sikilizeni toleo la 2002 kisha sikilizeni la zamani kwa hedifoni. Kwenye la zamani Randy na besi wanapumua pamoja: gitaa likivuta kidogo nyuma, besi nayo inavuta. Kwenye la 2002 gitaa linavuta, besi iko palepale imesimama kwenye mstari, kwa sababu aliyepiga hakuwa chumbani. Kila noti ni sahihi, na bado hapapendezi.

Fundi Mitambo wa Usiku

Nathibitisha kwa upande wa ufundi. Niko kwenye kuchanganya sauti. Ukimrekodi mpiga besi juu ya kitu kilichorekodiwa miaka 20 nyuma bila mita ya mapigo, anakuwa anakimbiza kivuli. Kanda ya zamani inaongeza na kupunguza mwendo bila mtu kujua, dramu na besi ndio walikuwa wanakubaliana kwa macho. Ukiwaondoa hao wawili umeondoa saa ya wimbo. Gitaa linabaki linaelea.

Mshenga wa Rongai

Na mashabiki walikubali tu?

Nyuzi Nne

Walipiga kelele haswa. 2011, kwenye toleo la kuadhimisha miaka 30, besi na dramu za asili zikarudishwa. Ndiyo ninayowashauri mkitaka kununua au kusikiliza, hakikisheni ni ya 2011 au ya kabla ya 2002.

Kipaza Kibovu

Mkuu, mbona hapo katikati umeruka? Toka 83 mpaka kesi hizi alikuwa anakula wapi?

Nyuzi Nne

Hahaha, hapo ndipo alipokula vizuri. Kuanzia albamu ya *Victims of the Future* yuko na mpiga gitaa Gary Moore, na wakaenda pamoja *Run for Cover*, *Wild Frontier*, *After the War*, mpaka 1990 Moore alipoacha metali akarudi kwenye bluzi kwa *Still Got the Blues*, Daisley akiwa miongoni mwa wapiga besi wa albamu ile. Mtu aliyeanza na bluzi ya Stan Webb kazunguka metali yote karudi alipotoka.

Katikati ya hayo anaitwa huku na huku kama fundi bomba. Black Sabbath wanakwama kwenye *The Eternal Idol* ya 1987: Daisley anaingia, anarekodi besi, anawaandikia na maneno, anaondoka. Kava linamtaja pia Dave Spitz aliyemtangulia. Mpiga gitaa Yngwie Malmsteen anarekodi *Odyssey* (1988): Daisley yumo kwenye baadhi ya nyimbo. Bill Ward, mpiga dramu wa Sabbath, anatoa albamu yake mwenyewe: yumo.

Na Ozzy? Bado! *The Ultimate Sin* (1986) besi kapiga Phil Soussan, ila maneno ya nyimbo nyingi ni ya Daisley, na nakala za mwanzo zilitoka bila jina lake. *No Rest for the Wicked* (1988), besi ni yake, ziarani akaenda Geezer Butler. *No More Tears* (1991), besi ni yake, kwenye video mnamwona Mike Inez. Hesabuni wenyewe ni mara ngapi mtu huyu karekodi kisha jukwaani kasimama mwingine.

Treble Juu

Nakubali kwenye *Diary* alionewa. Picha ya mtu asiyepiga ni uongo kwa mnunuzi. Lakini bado nauliza, miaka kumi unarudi kwa mtu yuleyule? Ya kwanza umeonewa, ya tano umejipeleka.

mama_wa_vinanda

Baba yangu alirudi bendi moja mara nne. Mwenye bendi alikuwa hampendi, ila kila akitaka kurekodi nyimbo mpya anatuma mtu nyumbani. Mimi na wadogo zangu tulikuwa tunajua: yule mjumbe akija, wiki hiyo tunakula nyama. Malipo ya nyimbo zile zinapopigwa leo kwenye maharusi hatujayaona. Hakuwa na karatasi hata moja. Huyo Mwaustralia angalau jina lake liliandikwa.

Nyuzi Nne

Pole mama. Na hapo ndipo mimi ninapomjibu Treble. Daisley kanyang'anywa besi, kanyang'anywa picha, kanyang'anywa jukwaa. Kilichobaki kwake ni ile mistari aliyoandikwa kuwa mtunzi mwaka 1980 na 1981. "Crazy Train" leo inapigwa viwanjani, kwenye sinema, kwenye matangazo ya magari, na yeye ni mmoja wa watunzi watatu. Ule wa *Bark at the Moon* aliouza kwa fedha taslimu ukipigwa, yeye hapati kitu kwa utunzi. Mtu yuleyule, kalamu ileile. Mpiga besi anayesoma humu: usipokee bahasha kabla hujaona jina lako kwenye fomu ya utunzi. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wapo, kasajili.

Fundi Mitambo wa Usiku

Niongeze: fomu ijazwe siku ya kurekodi, watu wakiwa bado wanapendana. Nimewahi kukaa studio na vijana wanne waliotunga pamoja, wakaahirisha fomu "mpaka wimbo utoke". Wimbo ukatoka, ukapendwa, fomu ikarudi na jina moja. Studio na vijana siwataji.

Mshenga wa Rongai

Yuko hai bado? Na yule wa dramu?

Nyuzi Nne

Kerslake alifariki Septemba 2020 kwa saratani. Kabla ya hapo, akijua anaumwa, aliwaandikia akina Osbourne akiomba diski zake za platinamu za albamu zile mbili azitundike ukutani, na walimpelekea. Video yake akiwa amezishika ipo mitandaoni, mzee anacheka kama mtoto.

Daisley alirudi Australia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 yeye na Kerslake walikuwa wameunda bendi ya Living Loud na Steve Morse kwenye gitaa, Don Airey kwenye kinanda na mwimbaji Jimmy Barnes, wakarekodi upya nyimbo kadhaa za *Blizzard* na *Diary*, yaani wenye nyimbo wakazipiga wenyewe. 2013 akatoa kitabu cha maisha yake, kinene, na kwa kuwa aliandika shajara miaka yote hiyo ya ziara, ana tarehe za karibu kila kitu. 2018 akaongoza albamu ya kumkumbuka Gary Moore, akawaita waliowahi kupiga naye.

Kipaza Kibovu

Mtu asiyejua kabisa metali aanzie wapi? Usinipe albamu nzima, nipe nyimbo tatu, nataka niisikie hiyo besi.

Nyuzi Nne

"Goodbye to Romance", ya taratibu, hata mama_wa_vinanda ataipenda. Fuata besi tu, puuza vingine. Halafu "Believer". Ya tatu "Over the Mountain", dramu za Kerslake zinafungua mlango na besi inaingia nyuma yake. Tumia hedifoni, spika ya simu itakuibia sauti zote za chini.

mama_wa_vinanda

Nimeisikiliza hiyo ya kwanza. Mpiga besi anaimba pale chini. Nitumie na hizo mbili, ila punguza sauti kwanza.